Fundo Moja kwa Nyekundu

Bwenini,
19 Januari

Babu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta salama, goti limepoa na paka amerudi. Mimi sijambo. Nimepewa tena kitanda cha juu, kwa hiyo kichwa changu ni jirani wa dari na hakuna anayenisumbua nikisoma.

Mama aliniambia siku ananileta shuleni kwamba watu wa maktaba ya mji wameiomba Manowari, ile meli yako kubwa ya mbao, waiweke kwenye kabati la kioo chumba kipya cha watoto kitakapofunguliwa mwezi wa tano. Niliruka nikagonga kichwa kwenye paa la gari. Halafu akaongeza kwamba utawapa ikiwa mbao tupu, bila rangi, na kwamba baada ya hiyo hutengenezi meli nyingine. Nikanyamaza njia nzima. Najua mimi kunyamaza si habari, lakini hata Mama aliona kwamba huku kunyamaza ni kwingine.

Babu, meli zako za sebuleni zote zina rangi, na rangi zake ni za kweli. Hapa shuleni kuna kitabu kikubwa cha manowari za matanga. Hakiazimishwi, kinasomewa humo humo. Nimekaa nacho Jumamosi mbili nikilinganisha kila picha na meli zako ninavyozikumbuka, na sijaona ulipokosea. Mistari ya ubavuni ni manjano ya udongo, si manjano ya ndimu. Kati yake nyeusi. Kuta za ndani ya sitaha nyekundu, ile iliyotulia. Mtu anayeweza hivyo ataitoaje meli yake kubwa kuliko zote ikiwa uchi mbele ya watoto?

Mama anasema mikono yako inatetemeka. Lakini Desemba nilikuona ukifunga kamba za mlingoti, nyembamba kama kope, huku unanisimulia mambo mengine kabisa. Mikono inayotetemeka haifanyi vile. Samahani kama nimevuka mpaka.

Naomba uniache nikutafutie rangi. Nitazichanganya hapa kwenye chumba cha sanaa, nizipake kwenye vijiti vya mbao, nikutumie kwa posta. Wewe utachagua. Likizo ya Aprili nitakuja nipake, wewe ukisimamia.

Mjukuu wako,
Mchwa


Nyumbani,
28 Januari

Mchwa wangu,

Marahaba. Goti halijapoa. Paka amerudi amenenepa kuliko alivyoondoka, na mimi ndiye ninayeambiwa simlishi vizuri.

Barua yako nimeisoma kwa miwani, nikaisoma tena bila miwani, haikubadilika. Kwa mdomo huongei, kwa kalamu hukamatiki. Bibi yako alikuwa akisema maneno yako yote yamekimbilia vidoleni.

Habari ya mikono, niachie mimi mwenye mikono. Maisha yangu yote ya kazi niliitumia kutengenezea watu meno ya bandia, na hakuna aliyewahi kuikagua.

Rangi si jambo la kukurupuka. Bibi yako alikuwa akikaa pale kwenye kiti cha dirishani, mimi nafungua kopo, tunaongea, kazi inakwenda. Sasa kiti kipo, yeye hayupo. Makopo yapo kabatini na nyuzi zake shingoni kama alivyoyaacha, yamekauka. Hiyo ndiyo sababu, na kwangu inatosha.

Tena kumkaribisha mchwa kwenye meli ya mbao ni ujinga ambao sijawahi kuufanya.

Lakini haya. Tuma hivyo vijiti. Andika namba nyuma ya kila kimoja, na kwenye barua uniambie namba ipi ni rangi gani, tusije tukachanganyana. Sijaahidi kitu. Nimesema tuma.

Babu yako


Bwenini,
8 Februari

Babu mpendwa,

Shikamoo. Vijiti viko ndani ya bahasha hii, vimefungwa kwa kitambaa. Kama kimoja kimevunjika ni posta, si mimi.

Namba moja ni manjano ya udongo, ya mistari ya ubavuni. Namba mbili ni nyeusi. Namba tatu ni nyekundu ya udongo, kwa kuta za ndani na vigari vya mizinga. Namba nne ni ya chini, sehemu inayokaa majini. Kitabu kinasema palifunikwa kwa mabati ya shaba, na shaba ikishakaa baharini haing'ai tena, inageuka kahawia, kwa hiyo nimeacha kutumia ile rangi ya dhahabu niliyopewa na rafiki yangu, naye amenuna. Namba tano ni kijani iliyokolea. Manahodha wa miaka ya baadaye, baadhi yao, walipenda kijani ndani badala ya nyekundu. Mimi siipendi, ila nimeona nikuletee uikatae mwenyewe.

Je, ulijua kwamba watu husema walipaka nyekundu ndani ili damu ya mabaharia isionekane vitani? Nilikuwa naamini hivyo. Kitabu kinasema sababu iliyo wazi zaidi ni kwamba udongo mwekundu ulikuwa rahisi kupatikana na unalinda mbao. Nilisikitika kidogo, halafu nikaipenda zaidi. Meli kubwa namna ile, yenye mizinga yote ile, ndani imepakwa udongo.

Mwalimu wa sanaa amenipa kona yangu karibu na sinki. Nilimsimulia kile kisa chako cha fizi, unajua ninavyokipenda. Nilimweleza kwamba fizi za watu hazifanani, nyingine za waridi na nyingine za kahawia, kwa hiyo ulikuwa unazichanganyia rangi mwenyewe. Nikafika pale mzee anapovaa meno yake mapya, anakwenda kwenye kioo, anarudi akifoka: "Nimeingia hapa na mdomo wa mtu, unanitoa na mdomo wa chura!" Na Bibi anasimama kule mapokezi, anasema walioleta rangi ndio waliobandika karatasi vibaya kwenye chupa, anamtuliza mzee kwa chai, na tangu siku hiyo anahamishia kiti chake karibu na meza yako. Mwalimu alicheka mpaka akaweka brashi chini.

Nasubiri hukumu yako.

Mchwa


Nyumbani,
17 Februari

Mchwa wangu,

Marahaba. Vijiti vimefika vizima. Posta wanakuogopa.

Nyeusi yako ni nyeusi mno. Ukiibandika kwenye meli itaonekana kama tundu. Fikiri hivi: meli ndogo ni meli kubwa iliyo mbali. Kitu kilicho mbali hakiwi cheusi kama masizi, hewa ya katikati inakifubaza. Kwa hiyo ilainishe, iwe kama nyeusi iliyofuliwa mara nyingi. Manjano nayo ina uzito kidogo, iongezee nyeupe, tone tu. Namba nne iache hivyo hivyo, usiiguse. Rafiki yako anune.

Sasa namba tatu. Hiyo nyekundu umeipatia, mjukuu wangu. Imetulia, haipigi kelele, inakaa ndani ya meli kama mtu mwenye adabu. Hiyo ndiyo tutakayopaka. Kijani, namba tano, itupe, inang'ang'ania macho.

Nitakwambia jambo. Juzi nimeosha brashi. Si kwamba nimekubali. Zilikuwa na vumbi.

Babu yako


Bwenini,
26 Februari

Babu mpendwa,

Shikamoo.

Uliposema habari ya nyeusi nilitoka nje kwenda kujaribu. Nyuma ya jikoni kuna tangi jeusi la maji. Ukilisogelea ni jeusi kama ulivyosema, masizi. Nilikwenda mpaka mwisho wa uwanja wa mpira nikaligeukia, na Babu, halikuwa jeusi! Lilikuwa kama kijivu chenye samawati ndani yake. Nimepita pale kila siku na sikuwahi kuona. Wachezaji walinipigia kelele niondoke golini, nikasahau hata kuona aibu. Nilirudi nikachanganya nyeusi upya na sasa inafanana na kitu cha kweli.

Lakini kuna jambo jingine, na sijui nilisemeje.

Kila rangi niliipaka kwenye vijiti viwili, kimoja chako, kimoja changu, na namba niliziandika kwa pamoja. Jana nimetoa vyangu nivipange, nikakuta nilichokiandika tatu ni kijani. Tano ndiyo nyekundu. Nilivigeuza kabla havijakauka, nikaandika kinyume, na vyako nilivigeuza vivyo hivyo. Kosa ni langu.

Ila ile nyekundu uliyoisifu, iliyotulia kama mtu mwenye adabu, Babu, ni kijani. Na ile uliyosema niitupe ndiyo nyekundu.

Nimewaza sana. Nadhani hukuvifungua. Nadhani ulisoma barua tu, ukanisifu kama mtoto anavyosifiwa akichora nyumba yenye jua lenye miguu. Habari ya nyeusi ungeweza kuisema hata bila kuangalia, kwa sababu unaijua siku zote. Naelewa ulitaka kunifurahisha. Lakini mimi nilikuwa nafanya kazi kweli, na nilifikiri na wewe unafanya kazi na mimi.

Tafadhali usinisifu kwa huruma. Bora unifokee.

Mchwa


Nyumbani,
6 Machi

Mjukuu wangu,

Marahaba.

Vijiti nilivifungua. Niliviangalia kimoja kimoja pale dirishani, asubuhi, mwanga ukiwa mzuri. Sikukusifu kwa huruma.

Zaidi ya hapo sina la kusema. Nimewapigia watu wa maktaba, waje waichukue Manowari kama ilivyo mwisho wa mwezi huu, kabla hujafunga shule. Vifaa nitampa seremala wa jirani, anavitamani siku nyingi. Wewe soma, mitihani iko karibu.

Sijakasirika.

Babu yako


Bwenini,
12 Machi

Babu mpendwa,

Shikamoo. Barua yako niliisomea chooni, ndipo mahali pekee hapa penye mlango wa kufunga. Nilikaa humo mpaka wakagonga.

Nilirudia sentensi moja tu, ile ya dirishani na mwanga mzuri. Wewe huwa husemi uongo kuhusu kazi. Kama unasema uliviangalia, uliviangalia. Basi nikaanza kuwaza mambo mengine. Nikawaza kiti cha Bibi. Nikawaza yule mzee na mdomo wake wa chura, na kwa mara ya kwanza sikucheka.

Sitauliza kitu. Natuma vijiti vingine.

Safari hii sikuandika namba, namba zangu haziaminiki. Nimefunga uzi. Fundo moja ni nyekundu. Mawili ni manjano. Matatu ni kijani. Sikubuni mimi. Ndivyo yalivyo makopo ya kabatini. Nilipokuwa mdogo nilimuuliza Bibi kwa nini makopo yamevaa nyuzi, akasema makopo nayo yanapenda kupendeza. Nilikuwa nayahesabu mafundo kwa kucheza, nayakumbuka hadi leo.

Utaona vijiti vyenye fundo moja viko vitatu. Rangi zote tatu ni nyekundu, nakuhakikishia, nimemwita hata mwalimu, akathibitisha. Ila zinatofautiana uzito, na hapo ndipo tulipokwama. Mimi naweza kujua ipi ni nyekundu. Siwezi kujua ipi inafaa meli iliyo mbali. Mwalimu naye alizitazama, akazitazama, akasema zote nzuri, na mtu akisema zote nzuri ujue haoni. Ile rangi ya tangi, hakuna mtu hapa shuleni aliyekuwa ameiona mpaka wewe ulipoisema, na wewe hujawahi kufika kwenye hilo tangi.

Tafadhali niambie ni ipi.

Na tafadhali wapigie maktaba tena.

Mchwa wako


Nyumbani,
21 Machi

Mchwa wangu,

Marahaba, marahaba.

Nimepokea vijiti. Nimeyahesabu mafundo kwa kidole, macho nimefumba, kama zamani. Halafu nikakaa kwenye kile kiti, jambo ambalo sijalifanya tangu Bibi yako atutoke.

Kwangu mimi nyekundu na kijani ni mapacha waliovaa sare. Nilizaliwa hivyo. Manjano naiona, samawati naiona, nyeusi na nyeupe naziona kuliko watu wengi. Wale wawili sijawahi kuwatenganisha. Bibi yako aliligundua wiki ya kwanza ya ndoa, nilipomsifia gauni lake jekundu lililompendeza. Lilikuwa kijani. Hakucheka, hakumwambia mtu. Aliuliza tu, "Na hili pazia je?" nikajibu, akatikisa kichwa. Kesho yake akanunua uzi mweusi.

Fizi za yule mzee, machoni mwangu zilikuwa sawasawa kabisa. Hakuna aliyebandika karatasi vibaya. Bibi yako alisimama mbele ya wateja waliojaa akatunga lile neno papo hapo, na chai juu yake, na akaendelea kulisimulia miaka yote kwa kicheko ili mimi nisije nikaulizwa. Kila fizi iliyotoka kwangu baada ya hapo ilipita mikononi mwake. Kila meli pia. Zile meli unazozilinganisha na kitabu na hukuti kosa, mbao ni zangu, rangi ni zake. Mama yako hajui. Alidhani nakaa na mke wangu pale kwa mapenzi. Na ni kweli, ila kulikuwa na kazi ndani yake.

Alipoondoka nikajua siwezi kushika kopo. Nikasingizia mikono. Wewe uliponiandikia kwamba nyekundu ni kijani, niliona aibu ya mtu mzima, mbaya kuliko ya mtoto, kwa sababu haina pa kukimbilia. Ndiyo maana nilikuandikia barua fupi. Ile barua ichane.

Sasa kazi. Katika vile vitatu vya fundo moja, chenye alama ya kidole pembeni ni kizito, kitaifanya sitaha ionekane shimo. Cheupeupe kimechoka. Tumia kile kirefu, kilichobaki. Rangi yake sijui, nakuamini. Uzito wake ndio wenyewe.

Maktaba nimewapigia. Msimamizi akaniambia, "Mzee, mbona unatuyumbisha?" Nikamwambia fundi wangu wa rangi yuko kwenye mitihani.

Babu yako


Bwenini,
11 Mei

Babu mpendwa,

Shikamoo. Nimefika salama, ila kucha zangu bado zina manjano ya udongo na matroni ameniambia nioshe tena. Sitaki kuosha sana.

Sikuweza kulisema nikiwa hapo, kwa hiyo naliandika. Likizo nzima nilikuwa nakutazama zaidi ya nilivyotazama meli. Ulivyokuwa unarudi nyuma mpaka mlangoni, unafumba jicho moja, unasema "punguza hapo chini ya dirisha la pili la mzinga," na mimi nasogea naona kweli pamezidi. Kitabu hakina kitu kama hicho, kimetaja rangi tu. Na siku ulipomwambia Mama, naye akauliza, "Kwa hiyo lile koti langu la shule ulilosema linafanana na la kaka yangu?" nilidhani utaona aibu, ukacheka kuliko sisi sote.

Kesho kutwa wanafungua chumba. Nisimulie kila kitu, hata yasiyo na maana.

Mchwa wako


Nyumbani,
20 Mei

Mchwa wangu,

Marahaba. Osha kucha.

Chumba kimefunguliwa. Manowari iko katikati, taa juu yake, na kioo kimejaa alama za pua za watoto kuanzia chini mpaka kimo cha kiuno. Msimamizi anapangusa, zinarudi. Mtoto mmoja, hana meno ya mbele, akaniuliza kwa nini ndani nyekundu. Mwenzake akamwahi: "Ili damu isionekane!" Nikawaambia hapana, ni udongo tu, ulikuwa rahisi na unalinda mbao. Walisikitika, kama wewe. Mmoja akabaki nyuma ya wenzake anaangalia tena, na huyo nadhani ameanza kuipenda zaidi.

Kibao walikuwa wamekiandika kwamba kila kitu nimetengeneza mimi. Nikakirudisha. Msimamizi akashika kichwa, "Mzee, umeanza tena." Sasa kimeandikwa kwamba mbao ni za mume, rangi ni za mke na mjukuu. Akaniuliza mke yuko wapi amwalike. Nikamwambia, alishafika kabla yetu.

Seremala alikuja kuuliza habari ya vifaa. Nimemwambia asubiri kidogo, maana juzi nimelaza mkuku, uti wa mgongo wa meli nyingine. Ndogo. Ya kupoozea goti.

Ndani ya bahasha kuna kijiti. Nimekichanganyia rangi mwenyewe, hakuna aliyenisaidia, hata paka nilimtoa nje. Nimefunga fundo moja. Niambie ukweli, na usinisifu kwa huruma.

Babu yako


Bwenini,
29 Mei

Babu mpendwa,

Shikamoo.

Ni kijani.

Lakini uzito wake umeupatia mno, mpaka mwalimu wa sanaa amekiomba kijiti akiweke kwenye meza yake, nikamkatalia. Nimeongeza mafundo mawili. Nitakileta mwenyewe likizo ya Agosti. Kiti usikisogeze, acha kibaki hapo hapo dirishani.

Mchwa wako